Mke Asiyesadikiwa

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu picha ya sinema iliyotolewa katika nchi ya Meksiko mwaka 1953. Jina lake ni Él, neno la Kihispania maana yake "Yeye", asemwapo mwanamume. Aliyeiongoza ni Luis Buñuel, mzaliwa wa Hispania.

Hadithi yake ni hii. Bwana Francisco ni tajiri, na machoni pa watu ni mcha Mungu. Siku ya Alhamisi Kuu, kanisani, amwona Gloria. Kwanza aitazama miguu yake, ndipo ainuapo macho kumtazama uso, kama mtu achaguaye bidhaa dukani. Gloria ana mchumba, lakini Francisco hakubali kushindwa; ampata, amwoa. Usiku wa arusi, mke afumbapo macho ili abusiwe, mumewe amwuliza: Wamfikiri nani? Tangu hapo wivu haukumwacha. Hotelini alipenyeza sindano ndefu katika tundu la ufunguo, ili amtoboe jicho mtu aliyedhani anachungulia. Hapakuwa na mtu. Siku nyingine alimtishia mkewe kumtupa kutoka juu ya mnara wa kanisa.

Je, Gloria alifanya nini? Alikwenda kwa mama yake, kisha kwa padre. Mama hakumsadiki, na padre akamlaumu yeye. Basi fikirini: nguvu za Francisco hazikuwa mkononi mwake tu. Zilikuwa katika mali yake na jina lake. Neno lake lilipokewa bila kuulizwa, na neno la mkewe likatiliwa shaka.

Mwisho Gloria alikimbia kuokoa roho yake. Francisco akashikwa na wazimu, akamkaba koo padre yuleyule mbele ya watu kanisani. Ndipo waliposadiki kwamba ni mgonjwa. Mateso ya mke nyumbani hayakuwa ushahidi wa kutosha.

Hadithi hii ilitokana na kitabu cha mwanamke, Mercedes Pinto, aliyezaliwa katika kisiwa cha Tenerife mwaka 1883. Yeye mwenyewe aliolewa na mume mwenye ugonjwa wa kuwashuku watu, na sheria ya Hispania haikumruhusu kuivunja ndoa ile. Mwaka 1923 alihutubia mjini Madrid, akasema kwamba talaka ni jambo la kulinda afya. Wakubwa wa serikali walichukizwa, naye akahamia Urugwai. Huko, mwaka 1926, alikichapisha kitabu chake.

Hispania iliruhusu talaka mwaka 1932. Serikali ya Franco ikaifuta mwaka 1939, nayo haikurudi mpaka 1981. Huko Meksiko, mwaka uleule wa 1953 picha hii ilipotoka, wanawake walipewa haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa nchi nzima. Lakini karatasi ya kura haikuingia chumbani mwa Gloria. Sheria yaweza kufungua mlango. Anayepita mlangoni ahitaji mtu wa kumsikiliza upande wa pili.

Sasa chukueni madaftari yenu, mjibu maswali haya:

1. Kwa nini mama na padre hawakumsadiki Gloria?
2. Mercedes Pinto alitaka sheria gani ibadilishwe?
3. Mwanamke akija kwako na habari kama hii, utamwuliza nini kwanza?

Swali la tatu lijadilini darasani pamoja, wanaume kwa wanawake. Kwaherini.