Kutangaza washindi ku redio na mu WhatsApp: namna ya kufanya vizuri, na namna ya kutambua ushindi wa uongo

Siku moja ya posho asubuhi, mama mumoja alifika ku mulango wa redio yetu hapa Uvira. Alikuwa na karte yake ya uchaguzi mu mukono. Alikuja kuchukua mufuko wa unga wa kilo 25. Ni kweli alishinda: jana yake magaribi tulimutaja mu kipindi, yeye na wengine wawili, juu walijibu vizuri ulizo la juma. Tukamupatia unga wake. Lakini alipomaliza kuweka sahihi mu kitabu akauliza: "Na zile franka 20,000 nilituma kwa mwenye kushika feza wenu, mutanirudishia lini?"

Hakuna mutu wa redio aliyemuomba franka. Dakika chache kisha sisi kutangaza jina lake, mwanaume mumoja alimupigia simu. Alimuita kwa jina, akataja kartie yake, akataja na zawadi yake. Akasema anatumika ku redio, na kwamba mushindi anapashwa kutuma feza ya transporti ili unga umufikie nyumbani. Mama akatuma kupitia telefone. Zile franka zilikuwa za kununua ndagala za kuuzisha ku soko.

Ule mwizi alipata wapi jina, kartie na namba ya telefone? Kwetu sisi. Mutangazaji alisoma vyote ku redio, namba yote, mara mbili, pole pole, ili watu wasikie vizuri. Kisha tukatuma orodha hiyohiyo mu grupu ya WhatsApp.

Tangu ile siku tulibadilisha namna yetu ya kufanya. Watu wengi wanafikiri kutangaza washindi ni kazi ndogo, ya kufurahisha tu. Hapana. Ni pale mwenye kushindwa anataka kujua kama muchezo ulikuwa wa haki, na ni pale pia mwizi anasikiliza na kalamu mu mukono. Makala hii inaeleza namna kazi hii inafanyika, na kitu gani wewe musikilizaji uko na haki ya kuuliza.

Michezo haifanani yote

Kuko aina ine zinazopatikana sana ku maredio yetu na mu magrupu ya telefone.

Ya kwanza ni ulizo na jibu. Mutu anajibu kwa simu, kwa mesaji ao kwa sauti ya WhatsApp. Kama watu mia moja wamejibu vizuri na zawadi ni tatu, inapashwa kusemwa mbele: tunachukua watatu wa kwanza, ao tunapiga kura? Bila kusema hivyo, kila mutu atakuwa na sababu ya kulalamika.

Ya pili ni tombola. Pale hakuna akili wala mbio, ni bahati tupu. Angalisho: kama watu wanalipa ili kuingia, hiyo si zawadi ya bure tena, ni muchezo wa bahati, na mu Congo michezo ya namna hiyo inahitaji ruhusa ya serkali.

Ya tatu ni kuhesabu "like" ao kura za watu, kwa mufano shindano la picha ao la waimbaji vijana. Hapa mwenye marafiki wengi na mega nyingi anaweza kumupita mwenye kipaji. Tena "like" zinauzishwa. Ndiyo maana ni vizuri kura za watu zihesabiwe kwa sehemu tu, na sehemu ingine itoke kwa waamuzi wanaojulikana.

Ya ine ni zawadi ya kufuata ukurasa: unafuata, unaandika jibu, kisha kura inapigwa. Kuko kitu wengi hawajui: kanuni za Facebook zinakataza kulazimisha mutu kugawa tangazo ku ukurasa wake mwenyewe ao kutaja marafiki zake ili aweze kushinda. Basi ukiona "tuma kwa marafiki 20 ndipo upate telefone", ujue mwenye kuandika hafuati kanuni, ao hana telefone ya kutoa.

Kabla ya kupiga kura

Muchezo wa haki unaanza siku ya kuutangaza. Vitu hivi vinapashwa kujulikana mbele: zawadi ni nini na ni ngapi, nani anaweza kucheza, saa ya mwisho ya kujibu, washindi watachaguliwa namna gani, watatajwa siku gani na mu kipindi gani, na mushindi ana siku ngapi za kuja kuchukua. Wafanyakazi wa redio na watu wa nyumba zao hawachezi.

Saa ya mwisho ikifika, orodha inafungwa. Tunaandika kila jina na namba yake ya mustari: 1, 2, 3, mupaka mwisho. Mutu aliyejibu mara tano kwa sim kadi tano anabaki mara moja tu, kama tunaweza kumutambua. Wale waliopiga simu kwa telefone ndogo isiyo na intaneti wanaingia mu orodha moja na wale wa WhatsApp. Wasikilizaji wetu wengi wako na ile telefone ndogo, na si haki kuwaacha nje.

Kisha tunasema hesabu ku redio: "Waliojibu ni 214, waliojibu vizuri ni 131." Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini inasaidia sana. Musikilizaji anajua alishindana na watu wangapi, na redio haiwezi tena kuongeza jina usiku.

Kupiga kura bila mashaka

Kama ni vikaratasi mu kitunga, vinapashwa kuwa na ukubwa mumoja, kukunjwa namna moja, na kuchanganywa kweli kweli. Si neno la bure. Tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1969, serkali ya Marekani ilipiga kura mbele ya televisheni ili kujua vijana gani wataitwa kwanza ku jeshi, wakati wa vita ya Vietnam. Tarehe zote 366 za kuzaliwa ziliwekwa mu vidonge, na vidonge mu chombo cha kioo. Lakini vilikuwa vimewekwa mwezi kwa mwezi, na havikuchanganywa vya kutosha. Wenye kuhesabu waliona kisha kwamba waliozaliwa mu miezi ya mwisho wa mwaka walitoka mbele kuliko wengine. Hakuna aliyeiba. Ni mukono tu haukuchanganya vizuri. Kama hiyo ilifika mu jambo la maisha na kifo, inaweza kufika pia mu kitunga chetu.

Kama ni telefone ao kompyuta, kuko programu zinazochagua namba kwa bahati. Unaiambia: chagua namba tatu kati ya 1 na 131. Inachagua, unatafuta mu orodha ni nani. Hapa hatari ni kurudia mupaka itoke namba ya rafiki. Dawa yake ni mashahidi: wasikilizaji wawili ao watatu wa kartie mbalimbali, wanakaa mu studio, wanaona ekra, wanaweka sahihi. Kura inapigwa mara moja, na kama inawezekana, wakati kipindi kiko hewani.

Kutaja majina

Kwanza kuhakikisha, kisha kutangaza. Mufano mubaya unatoka Ufilipino. Mwaka 1992 kampuni ya Pepsi ilifanya muchezo wa namba zilizoandikwa ndani ya vifuniko vya chupa. Tarehe 25 mwezi wa tano televisheni ikatangaza namba ya ushindi: 349. Zawadi kubwa ilikuwa peso milioni 1. Lakini kwa kosa, ile namba ilikuwa imechapishwa ku mamia ya maelfu ya vifuniko. Maskini wengi walilala wakijiona matajiri. Kampuni ilipokataa kulipa zile feza zote, kulitokea fujo, magari yalichomwa na watu walikufa. Neno moja lililotangazwa bila kuhakikishwa, na hauwezi tena kulirudisha.

Kwa hiyo sisi tunapigia mushindi simu mbele ya kumutaja. Tunauliza vitu vitatu: jina lake, jibu alilotoa, na kama anakubali jina lake lisomwe. Wengine hawapendi, na wako na haki. Mutu aliyeshinda telefone mupya anaweza kuogopa kwamba wezi wa kartie watajua iko mu nyumba gani. Kwa mutoto, tunauliza muzazi wake. Habari za mutu ni zake: hata sheria ya mambo ya dijitali ya Congo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za mutu binafsi.

Ku redio na mu WhatsApp tunataja jina moja, na namba tatu za mwisho za telefone. Kwa mufano: "Mushindi wa kwanza ni mama wa Kalundu, namba yake inamalizika na 417." Mwenyewe anajitambua. Jirani anaweza kumupongeza. Lakini mwizi hana namba ya kupiga.

Zawadi inachukuliwa ku redio, mbele ya watu, na karte ya uchaguzi ao kitambulisho kingine. Mushindi anaweka sahihi. Kama siku saba zimepita na hakuja, tunamupigia mara ya mwisho, kisha zawadi inaenda kwa yule aliyekuwa ku orodha ya akiba. Ile orodha inapigiwa kura siku ileile, si kisha.

Mambo yakiharibika

Umeme unakatika, mutandao unaanguka, namba ya mushindi haipatikani. Pale jaribu linakuja: "Tutaje mutu yeyote, nani atajua?" Hata redio na televisheni kubwa zilianguka pale. BBC, ambayo wengi hapa tunasikiliza kwa Kiswahili, iko na kipindi cha watoto kinaitwa Blue Peter. Mu mwezi wa 11 mwaka 2006, simu za watoto waliocheza hazikuweza kuingia studio sababu ya shida ya mashine. Mutu wa kipindi akachukua mutoto aliyekuja kutembelea studio, akamufanya kama yeye ndiye aliyepiga simu na kushinda. Mambo yalijulikana. Mwaka 2007 BBC ililipishwa pauni 50,000, ikaomba musamaha mbele ya watoto.

Hakuna aliyeweka feza mu mufuko pale. Hata hivyo watu walikasirika, juu maelfu ya watoto walikuwa wamelipa simu zao na hawakuwa na nafasi yoyote. Kuliko kudanganya, ni vizuri kusema: "Leo mutandao umekataa, kura itapigwa kesho saa ileile." Watu wa Uvira wanajua mutandao unavyofanya, watavumilia.

Namna ya kutambua ushindi wa uongo

Hizi ndizo alama zinazorudia kila mara:

- Umeshinda muchezo ambao haukucheza.
- Unaombwa kutuma feza mbele: transporti, karatasi, forode, "kufungua dosie". Hii moja inatosha. Mushindi halipi.
- Unaombwa namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ao namba iliyofika sasa hivi mu mesaji. Yule anayetaka kukutumia feza anahitaji namba yako ya telefone tu.
- Unaharakishwa: "Ukikata simu, zawadi inaenda kwa mwengine."
- Unakatazwa kuambia mutu.
- Wanakutumia picha ya hundi ao ya sanduku la zawadi. Picha si ushahidi, kila mutu anaweza kuitengeneza.

Na angalisho kubwa: kuitwa kwa jina lako na kutajiwa kartie yako hakuonyeshi kwamba anayepiga ni mukweli. Mama wetu aliamini sababu mwizi alijua vyote. Ukipata simu ya namna hiyo, kata. Kisha wewe mwenyewe pigia redio ku namba inayotajwa kila siku hewani, si ile iliyokupigia. Ao fika.

Kama umekwisha kutuma feza

Usione haya, na usikawie. Pigia mara moja huduma ya kampuni ya telefone yako, ao kimbia ku ofisi yao, na namba ya ile operesheni iliyo mu mesaji. Kama feza haijatolewa bado, wanaweza kuangalia. Usifute mesaji wala orodha ya simu, ndiyo ushahidi wako. Kisha peleka mashitaka kwa OPJ. Kudanganya mutu ili kula mali yake ni kosa linalotajwa mu kifungu cha 98 cha sheria ya makosa na azabu ya Congo. Tena ambia jirani na redio, juu yule mwizi hakupigia wewe peke yako.

Kwa mama wetu, zile franka 20,000 hazikurudi. Namba iliyomupigia ilikuwa imezimwa tangu ile asubuhi. Kosa la kuituma lilikuwa lake kidogo, lakini kosa la kufungua mulango lilikuwa letu, na tulimuomba musamaha.

Sasa mbele ya kila orodha ya washindi, na kisha tena, mutangazaji wetu anasoma maneno haya: "Redio haiombi feza kwa mushindi. Hata franka moja. Anayekuomba ni mwizi, hata akijua jina lako."