Tembe mseto za kupanga uzazi

Tembe mseto ni dawa ya kumezwa kila siku ili kuzuia mimba. Zinaitwa mseto kwa kuwa kila moja ina homoni 2, estrojeni na projestini. Huko Gatina, wadi iliyo katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini, Nairobi, kama kwingineko jijini, huitwa tembe tu, tofauti na Depo, ambayo ni sindano, na P2, ambayo ni ya dharura.

Zinavyozuia mimba

Kwa kawaida tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni za FSH na LH zinazokomaza yai na kulitoa kwenye ovari. Homoni za tembe huituliza tezi hiyo, yai lisikomae wala kutoka. Pasipo yai, hakuna cha kurutubishwa. Isitoshe, projestini hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu za kiume zikakwama. Tembe haziharibu mimba iliyokwisha kutunga. Wala hazimfanyi mwanamke tasa, ingawa hofu hiyo imewazuia wengi bure: akiziacha, mayai huanza kukomaa tena, mara nyingi baada ya wiki chache.

Pakiti na kusahau

Pakiti nyingi zina tembe 28: 21 za homoni na 7 zisizo na homoni, mara nyingi za madini ya chuma. Damu ya siku hizo 7 hutokana na kushuka kwa homoni. Zikimezwa bila kukosa, hupata mimba mwanamke mmoja au pungufu kati ya 100 kwa mwaka. Katika maisha ya kawaida, yenye kusahau na pakiti kuisha, ni kama 7. Aliyeruka moja aimeze mara akumbukapo, hata kama atameza 2 siku hiyo. Aliyeruka 2 au zaidi mfululizo aendelee kumeza, na atumie kondomu kwa siku 7.

Wasiofaa kuzitumia

Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, mwenye presha, aliyewahi kuganda damu mishipani, na mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hudhoofisha tembe. Hazikingi VVU.

Historia

Ya kwanza, Enovid, iliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967. Leo sindano na vipandikizi hutumika huko zaidi ya tembe.