Herufi Zisizo na Pambo

Msomaji mpendwa, tazama kidogo herufi za ukurasa huu. Hazina pambo, wala hazichokeshi macho. Wengi hudhani kwamba kitu cha namna hii hakikumtaabisha mtu. Sivyo.

Mwaka 789 Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliagiza vitabu vya sala visahihishwe, maana makosa yalikuwa mengi. Kila nchi ilikuwa na mwandiko wake, na herufi nyingine zilifungana kama kamba. Basi, katika monasteri kama za Corbie na Tours, watawa walishika mwandiko mwingine: herufi ndogo za mviringo, kila moja imesimama peke yake.

Baadaye mwandiko huo uliachwa. Zikaja herufi za Kigotiki, nyembamba na nyeusi, zimebanana kama miti ya msitu. Petrarca, mshairi wa Italia, alilalamika mwaka 1366 kwamba maandishi ya siku zake yanachosha macho. Hata Biblia ya Gutenberg, iliyopigwa chapa Mainz karibu na mwaka 1455, ina herufi hizo.

Karibu na mwaka 1400, wataalamu wa Florence walikuwa wakitafuta vitabu vya kale. Walipoona mwandiko wa wale watawa, walidhani ni wa Warumi wenyewe! Kosa hilo limetufaa sana, kwa sababu waliuiga. Mwaka 1470 Nicolas Jenson, Mfaransa aliyekaa Venice, alipiga chapa vitabu kwa herufi za namna hiyo, na wachapaji wengi wakamfuata.

Wako wanaosema kwamba anayetaka kuchora herufi mpya sharti asahau za kale. Edward Johnston, Mwingereza, hakufanya hivyo. Alijifunza mwandiko kwa kuchungua kitabu cha Zaburi cha karne ya 10, kilichoandikwa kwa mkono ule ule uliotoka kwa watawa wa Karoli. Mwaka 1916 treni za chini ya ardhi za London zilipata herufi alizozichora yeye. Hazina hata vile vikia vidogo vya pembeni. Vipimo vya herufi kubwa alivitoa kwa zile Warumi walizochonga katika mawe. O yake ni duara kamili. Lakini nukta ya i si duara. Ni mraba uliosimama juu ya pembe yake, alama inayoachwa na kalamu yenye ncha pana ikigusa karatasi. Herufi hizo zilirekebishwa mwaka 1979, tena mwaka 2016. Nukta hiyo imebaki.