Magari yaliyolazwa juu ya magogo, na mpira uliotafutwa tena katika pori la Congo

Tarehe 1 Julai 1942, raia wa kawaida wa Uingereza mwenye gari lake la kutembelea alinyimwa mafuta kabisa. Tangu Septemba 1939, vita vilipoanza, alikuwa akipewa kidogo kwa kuponi. Sasa hata zile kuponi zikafutwa, wakabaki kupata daktari, mkulima na wengine wachache wenye kazi iliyoonekana ya lazima. Kabla ya vita nchi ile ilikuwa na magari binafsi karibu milioni 2. Mengi yalibidi yawekwe, na hakuna aliyejua yatawekwa kwa miezi au kwa miaka.

Kuweka gari si kulifungia mlango na kwenda zako. Mtu yeyote wa Bukavu au Butembo aliyewahi kuacha gari uani kwa mwaka mmoja akingoja kipuri anajua atakachokikuta: batri imekufa, breki zimeshikana, panya wamejenga ndani ya viti. Gari likitembea linachakaa, lakini likisimama linaoza.

Waingereza walijifunza hilo haraka. Kwanza maji yalimwagwa yote, ya radiata na ya injini, kwa sababu majira ya baridi kule maji huganda, yakapanuka na kupasua chuma. Mafuta nayo yalitolewa kwenye tangi na kabureta, maana yakikaa muda mrefu hugeuka ulimbo na kuziba vijitundu. Kisha buji zilifunguliwa, oili kidogo ikamiminwa katika kila silinda, na injini ikazungushwa kwa mkono ili oili ienee kote, kutu isipate pa kushika. Batri ilitolewa ikatunzwa ndani, na mwenye akili aliichaji kila mwezi. Pedali ya klachi ilikandamizwa kwa kipande cha mti ili sahani zake zisigandamane. Breki ya mkono iliachwa huru. Vyuma vya kung'aa vilipakwa grisi. Tundu la moshi lilizibwa kwa kitambaa chenye oili, na dirisha likaachwa wazi kidole kimoja ili ngozi ya viti isiote ukungu. Kuna kipande kingine kidogo ambacho wengi walikuwa wamezoea kukitoa tangu 1940, kile kinachogawa moto kwa buji: wakati ule serikali iliogopa Wajerumani washuke kwa miavuli na kuyakuta magari tayari, ikaamuru kila gari lililoegeshwa liachwe bila uwezo wa kuwaka.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa mipira ya magurudumu. Gari zima lilipandishwa juu ya magogo au matofali ili uzito usikae juu ya mipira, kwani mpira ukibeba uzito mahali pamoja kwa muda mrefu hupinda na kupasuka. Waangalifu waliivua kabisa wakaihifadhi gizani, mbali na jua.

Uangalifu huo ulikuwa na sababu. Februari 1942 Japani iliteka Singapore, na baada ya wiki chache visiwa vya Waholanzi huko Asia vikafuata. Sehemu kubwa mno ya mpira wa dunia, kama tisa ya kumi, ilitoka mashamba ya pande hizo. Marekani ilikuwa na visima vyake vya mafuta, lakini kitu cha kwanza ilichoweka kwa mgao, Januari 1942, kilikuwa mipira ya magari. Mwisho wa mwaka huo mafuta nayo yaligawiwa nchi nzima, na shabaha kuu ilikuwa kuwazuia watu wasiendeshe, mipira isiishe. Mwenye gari aliruhusiwa kuwa na mipira mitano tu. Iliyozidi alitakiwa kuiuza kwa serikali.

Hapo ndipo habari inaingia Congo. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu Mei 1940, lakini gavana mkuu Pierre Ryckmans aliiweka koloni upande wa Uingereza na wenzake. Nao walitaka mpira. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa mwanamume wa kijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu wakarudishwa porini kukata mimea inayotambaa juu ya miti na kukinga utomvu wake.

Wazee walikuwa bado hai waliokumbuka mara ya kwanza. John Boyd Dunlop alipotengeneza mpira wa baiskeli wenye hewa mwaka 1888, alifungua soko ambalo Leopold II alilijaza kwa damu ya watu: vijiji kuchomwa, wanawake kushikwa mateka, mikono kukatwa. Mwaka 1908 koloni iliondolewa mikononi mwake. Miaka 34 baadaye wajukuu walitumwa kutafuta utomvu uleule. Haikuwa tena enzi ya Leopold, hilo lisemwe kwa haki. Lakini siku 120 ni theluthi ya mwaka, na shamba la mihogo halingoji.

Mwaka 1944, Masisi na Lubutu, wafuasi wa Kitawala waliasi wakiongozwa na Bushiri. Imani yao ilikuwa na mambo yake, ila mzigo wa kazi za lazima wakati wa vita ulikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma. Jeshi la kikoloni liliwazima kwa bunduki.

Juni 1945 kuponi za mafuta zilirudi Uingereza, na magari yakashushwa. Aliyefuata kila hatua alitia maji, akarudisha batri, akazungusha mkono, injini ikawaka. Aliyelitupa lake nyasini alikuta mipira iliyopasuka, na mipya haikupatikana kirahisi. Novemba 1947 kuponi za matembezi zilifutwa tena hadi Juni 1948, na baadhi ya magari yakarudi juu ya magogo yake.

Congo, mashamba ya Asia yalipofunguka, mpira wa porini uliachwa. Kilimo cha lazima, hasa cha pamba, kiliendelea hadi karibu na uhuru.