Mzee Aliyeandika "Sijui"

Kuna neno moja sisi watu wa mitandao tunaliogopa kuliko simu ya landilodi mwisho wa mwezi. Neno lenyewe ni "sijui".

Juzi msee aliniuliza chini ya video yangu: reli ilifika Nairobi mwaka gani? Sikuwa na uhakika, lakini nikajibu kwa kifua, 1901. Dada mmoja akanisahihisha kwa upole: Nairobi ni 1899, 1901 ndio ilifika Kisumu. Nikafuta jibu langu, nikajifanya sijaona. Mpaka leo inaniuma. Kukosea ni kawaida, lakini mimi nilijua kabisa kwamba sijui.

Hapo ndipo nikamkumbuka Rashi.

Rashi alikuwa rabi wa Kiyahudi, alizaliwa 1040 huko Troyes, Ufaransa. Alisomea Mainz na Worms, Ujerumani ya leo, kisha akarudi kwao kufundisha. Wayahudi husoma Torati, yaani vile vitabu vitano vya Musa, fungu moja kila wiki. Mwaka ukiisha wamemaliza, wanaanza upya. Rashi aliandika maelezo ya mafungu hayo, karibu mstari kwa mstari. Maneno yake ni machache, na neno la Kiebrania likiwa gumu, analiweka kwa Kifaransa cha mtaani kwao. Kuchanganya lugha ndio watu washike hatukuanza sisi!

Sasa twende Mwanzo 28:5. Isaka anamtuma Yakobo kwa Labani, kaka yake Rebeka. Halafu mstari unaongeza kwamba Rebeka ni mama ya Yakobo na Esau. Lakini si hiyo tunaijua? Tumewaona mapacha wakizaliwa sura ya 25. Tumemwona mama akimpangia Yakobo jinsi ya kupata baraka. Na kwa Rashi, Torati haina neno la bure. Kwa hivyo hapa lazima kuna somo. Somo gani? Akaandika kwamba hajui maneno hayo yanatufundisha nini.

Hebu fikiria. Hakuna aliyemshikia kiboko. Angeruka tu mstari huo kimya kimya, na hakuna mwanafunzi angeshtuka. Au angetunga kitu kitamu, watu wapige makofi. Badala yake alitumia wino wake kuandika "sijui". Naona alikuwa anatuwekea alama: hapa kuna swali, mimi limenishinda, jaribu wewe. Na waliokuja baada yake wamejaribu kwa karne nyingi.

Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mjukuu wake Samuel, anayeitwa Rashbam, mtoto wa binti yake, naye alikuwa mfafanuzi, na alibishana na babu yake. Kwenye maelezo yake ya Mwanzo 37 anasimulia kwamba mzee alimkubalia: angepata nafasi, angeandika maelezo mengine, maana kila siku maana ya wazi ya maandiko inajitokeza upya. Babu anayeheshimiwa na kila mtu anamwambia kijana, kazi yangu bado ina mapengo.

Kuna watakaosema mwalimu akikubali hajui atadharauliwa. Sikubali. Rashi alifariki 1105. Mwaka wa 1475 maelezo yake yalichapishwa Reggio di Calabria, Italia, na ndicho kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichochapishwa kikiwa na tarehe tunachokijua. Mpaka leo mtoto wa Kiyahudi akianza Torati, anaanza na Rashi. Mtu akisema "sijui" pale asipojua, unapata sababu ya kumwamini pale anaposema anajua. Mimi na ile 1901 yangu, mtaniamini kwa lipi?

Basi nimerudi kwa ile video. Nimeandika: sikuwa najua, nilibahatisha, ni 1899, asante dada. Kidole kilitetemeka kidogo kabla ya kutuma.

Na wewe, mara ya mwisho kusema "sijui" mbele ya watu ilikuwa lini?