Si Kila Kinachochorwa ni Ishara

Wahakiki wetu wengi wamekubaliana kwamba kitu kinachoonekana katika kazi ya sanaa, kikabeba maana pana kuliko umbo lake, kiitwe ishara. Na mbinu ya kuvitumia vitu vya namna hiyo iitwe uashiriaji. Nami nakubaliana nao. Tatizo ni kwamba neno hili sasa linatumika ovyo, na ovyo zaidi linapoingia katika uhakiki wa filamu za uhuishaji. Mtu ataandika kwamba rangi ni ishara, ndege ni ishara, ngazi ni ishara, mwezi ni ishara, mpaka neno likabaki halina kazi. Istilahi isiyokataa kitu chochote haimsaidii mwanafunzi. Nataka kuirudishia mipaka yake, na nitatumia filamu moja kongwe na hekaya moja ya Unguja.

Tuanze na majirani wa neno. Alama hukaa juu ya makubaliano: alama ya barabarani ina maana moja Darajani na ina maana hiyohiyo Mkokotoni, na asiyeijua hufundishwa akaijua. Dalili haiwekwi na mtu. Wingu zito upande wa kusi ni dalili, halikutumwa kutuambia neno. Taswira ni picha inayojengeka machoni au akilini. Kila ishara ya filamu ni taswira kwanza, lakini taswira nyingi hufika mwisho wa filamu zikiwa taswira tu, na hakuna aibu katika hilo. Wanafunzi wa Kenya wamezoea jazanda, neno zuri, ila limekumbatia tashbihi na sitiari na mengine kadhaa, kwa hiyo ni pana mno kwa kazi hii.

Jirani mgumu ni fumbo, kwa sababu kwetu Zanzibar fumbo lina hadhi yake. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke akilichagua jina, akaivaa kanga siku maalumu na kupita mbele ya nyumba maalumu, amekwisha kusema, na aliyeambiwa anajijua. Katika taarab mtu huinuka kwenda kutunza pale ubeti unaomfaa unapoimbwa, na ukumbi ukaelewa nani anapelekewa salamu. Fumbo, basi, lina mwenyewe, lina mlengwa, na lina jibu. Likifumbuliwa limekwisha. Ishara ya kisanaa hailengi mtu mmoja aliyeketi ukumbini, wala haimaliziki kwa jibu moja. Ndiyo maana fumbo, pamoja na utamu wake wote, haliwezi kuibeba istilahi hii. Atakayelitumia atamfundisha msomaji kuisaka siri ya mtunzi badala ya kuitazama kazi.

Mfano ulio karibu zaidi ni milango ya Mji Mkongwe. Mgeni akisimama mbele ya mlango wa nakshi huambiwa kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi wa nyumba, mtende ni neema. Inawezekana aliyeagiza mlango alikusudia hivyo. Inawezekana pia fundi alifuata ruwaza aliyoirithi kwa fundi wake. Lakini hata tukikubali maelezo yote hayo, tulichonacho pale ni alama, orodha ya vitu na maana zake. Samaki aliyechongwa kwenye mfaa yuko palepale tangu siku ya kwanza. Hapotei, harudi, haibiwi, hapewi mtu. Mlango hausimulii kisa, na mimi nashikilia kwamba ishara ya kisimulizi haizaliwi mpaka kitu kipitiwe na wakati: kije, kiondoke, kirudi kikiwa katika hali nyingine, na kila kinaporudi kiwe kimefungamana na hali ya mhusika.

Uhuishaji unaufanya mpaka huu uwe mgumu kuulinda. Katika filamu iliyopigwa kwa kamera katika vichochoro vya Shangani, paka anaweza kukatiza nyuma ya mwigizaji bila mtu yeyote kuamua. Katika uhuishaji hakuna paka aliyejipitia. Kila paka amechorwa, amekatwa au amefinyangwa na mtu, na amesogezwa picha baada ya picha. (Neno katuni nalibakizia mchoro na vipindi vya watoto; uhuishaji, kutokana na kuhuisha, ni sanaa yenyewe ya kukitia uhai kisicho na uhai, na naliona neno hili ni miongoni mwa istilahi zetu zilizofanikiwa.) Kwa kuwa kila kitu kimechaguliwa, mhakiki hushawishika kudhani kila kitu kinaashiria. Kuchagua si kuashiria. Mchoraji huchagua baraza kwa sababu mzee wa kisa lazima aketi mahali.

Sasa tuitazame filamu yenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 1926 mjini Berlin ilioneshwa filamu ya Lotte Reiniger, Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani visa vya mwanamfalme Achmed. Ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Reiniger na wenzake, akiwemo mumewe Carl Koch, waliifanyia kazi Potsdam kuanzia mwaka 1923. Alikata wahusika wake kwa mkasi katika kadibodi nyeusi na mabati membamba ya risasi, akaviunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini, kamera ikiwa juu. Kila picha ilipopigwa, mkono au shingo ilisogezwa kidogo. Visa alivitoa katika Alfu Lela Ulela, kitabu kilichofika majumbani mwetu kwa Kiarabu, kwa masimulizi na kwa tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo farasi wa kuruka na taa ya Aladdin si wageni kwa mtazamaji wa Unguja.

Wahusika wote wa filamu hii ni vivuli vyeusi. Mwanamfalme ni mweusi, binti mfalme ni mweusi, mchawi ni mweusi. Je, weusi huu ni ishara? Kwa kipimo nilichokitaja, hapana. Umeenea kwa wote sawasawa, haubadiliki, haumtengi mtu na mwenzake. Ni namna ya uchoraji. Na jambo hili lina uzito, kwa sababu maandishi ya filamu yanamwita mchawi huyo Mwafrika. Mtazamaji wa pwani hii hawezi kulipita jina hilo kimyakimya, tena katika filamu iliyotoka Ujerumani miaka michache tu baada ya nchi hiyo kuipoteza Tanganyika. Lakini tukiitazama picha kwa makini tunaona kwamba ubaya wa mchawi haukuweza kuwekwa katika rangi, kwa kuwa rangi ya kuwatofautisha wahusika haikuwapo. Reiniger alilazimika kuuweka katika mstari wa umbo: vidole virefu vilivyopinda, pua iliyochongoka, mwili usiotulia. Picha haikumhukumu mtu kwa ngozi yake. Maneno ndiyo yaliyomhukumu. Mhakiki anayesema kwa haraka kwamba weusi katika filamu hii ni ishara ya uovu ameikosea picha, na amekiacha kosa halisi, lililo katika maandishi, lipite bila kuulizwa.

Rangi nayo ipo, ila ni ya mandhari. Nakala iliyokarabatiwa inaonesha kila tukio likiwa limetiwa rangi moja, na usiku ni wa buluu. Buluu ya usiku ilikuwa desturi ya filamu za zama hizo; mtazamaji wa 1926 aliisoma kama sisi tunavyoisoma alama ya barabarani.

Ishara ya kweli katika filamu ile ni vazi la manyoya la Pari Banu. Achmed, akiwa amebebwa angani na farasi wa mchawi, asijue mwanzoni namna ya kumteremsha, anafika visiwa vya Wak-Wak. Huko anamwona Pari Banu akishuka kama ndege ziwani, akilivua vazi lake na kuoga. Analichukua. Tangu hapo binti yule hawezi kuruka, na filamu inatuonesha jambo hilo kwa mwili, bila maneno: umbo lililokuwa limetandaza mabawa sasa ni dogo, linakimbia kwa miguu, linajificha kwenye majani. Vazi lilipokuwa mwilini mwake lilikuwa uwezo wa kwenda na kurudi. Likiwa mkononi mwa mwanamume ni kifungo, ingawa mwanamume huyo anajiona mpenzi. Filamu inatutaka tumpende Achmed, nasi tunampenda, lakini vazi linaendelea kushuhudia kwamba mapenzi hayo yalianza kwa unyang'anyi. Maana zote mbili zinakaa pamoja na hakuna inayoifuta nyingine. Hilo fumbo halina uwezo nalo.

Hapa inafaa istilahi nyingine isichanganywe. Binti mwenye vazi la manyoya anayevuliwa uwezo wake akioga anapatikana katika hekaya za watu wengi, na katika Alfu Lela Ulela yumo kwenye kisa cha Hasan wa Basra. Kitu kinachorudi kutoka hekaya moja hadi nyingine ni motifu. Motifu ni mali ya hekaya nyingi. Ishara huishi ndani ya kazi moja na kupata maana yake humo. Reiniger aliipokea motifu akaigeuza ishara kwa jinsi alivyolichora umbo la binti kabla na baada ya kuporwa.

Na jina hilo la Wak-Wak si la mbali nasi kama linavyodhaniwa. Nahodha na msimulizi wa Kiajemi wa karne ya 10, Buzurg ibn Shahriyar, ameandika kwamba mnamo mwaka 945 watu wa Waqwaq walikuja kwa vyombo vingi kuishambulia Qanbalu, wakitafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa. Wataalamu wengi wanaiona Qanbalu kuwa ni Pemba. Jina ambalo Berlin lilikuwa la visiwa vya majini, katika bahari yetu lilikuwa jina la wavamizi.

Hekaya yetu yenyewe ninayoitaka ni ya Sultani Darai. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi alizosimuliwa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Maskini mmoja anayechakura jaani anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani kama zawadi ya bwana wake, anamwita bwana huyo Sultani Darai, anamposea binti wa mfalme, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya fahari. Kisha paa anaugua. Anapeleka habari kwa bwana wake, naye bwana anajibu kwamba paa huyo kamnunua kwa thumuni, basi na apewe mtama mbovu. Mke analia na kumsihi, bwana hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Mji mzima unamlilia. Usiku mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Mume anaota yuko jaani akichakura, anaamka ndipo alipo.

Thumuni ile ndiyo ishara ya hekaya nzima. Mwanzoni ni bahati, na ni kila alichonacho mtu. Baadaye, midomoni mwa tajiri, ni kipimo cha kudharau uhai wa aliyemtajirisha. Kiasi ni kilekile; kilichogeuka ni mtu. Msimulizi wa Unguja wa miaka ya 1860 alilirudisha neno hilo mahali panapouma bila kueleza chochote. Jaa nalo linarudi, na linarudi likiwa lilelile, jambo ambalo kwa mchoraji ni zawadi kubwa: picha ya kwanza na ya mwisho zinaweza kuwa na mpangilio mmoja kabisa, jaa lilelile, mgongo uleule ulioinama, huku mtazamaji akiwa si yuleyule.

Nahofia jinsi hekaya hii inavyoweza kuharibiwa ikitengenezwa leo. Itajazwa milango ya nakshi, majahazi, karafuu zilizoanikwa na minara wakati wa machweo, na kila kimoja kitaelezwa kuwa ni ishara ya utamaduni wetu. Vitu hivyo vina nafasi yake kama mandhari. Lakini nyumba ya Sultani Darai haihitaji mlango wenye samaki. Inahitaji sarafu ndogo ambayo mchoraji ameijali kuliko mlango.

Kitabu cha Steere hakina tena hakimiliki, na hekaya ya Sultani Darai ni ya yeyote atakayeitaka. Vijana wa uhuishaji wa Unguja, Pemba na Dar es Salaam, ichukueni muichore. Nanyi walimu wa fasihi mnaofundisha uashiriaji, waulizeni wanafunzi wenu swali moja kabla hawajaliandika neno ishara: kitu hiki kimerudi mara ya pili, na kiliporudi, nani alikuwa amebadilika?