Gitaa la Magharibi: Safari ya muziki wa Waluhya kutoka isukuti hadi FM

BUKURA ni kituo cha biashara kilicho kusini-magharibi mwa mji wa Kakamega, katika nchi ya Watsotso. Wakenya wengi hukifahamu kutokana na chuo chake cha kilimo, na ni wachache wanaokitaja panapozungumziwa muziki.

Hata hivyo, mtu akiichunguza ramani atabaini kwamba kituo hicho kimezungukwa na maeneo yaliyochangia pakubwa muziki wa kisasa wa Kenya. Upande wa mashariki wanaishi Waisukha na Waidakho, wenye ngoma maarufu ya isukuti. Upande wa kusini ni Kisa, alikotoka mpiga gitaa George Mukabi. Ukivuka Kisa na kuingia Vihiga, unafika Bunyore, nyumbani kwa kundi la Abana ba Nasery. Magharibi ni Marama na mji wa Butere, uliokuwa kituo cha mwisho cha tawi la reli kutoka Kisumu.

Makala haya yanaeleza jinsi muziki wa Waluhya ulivyokua katika maeneo hayo na katika miji ya mbali kwa zaidi ya nusu karne, na kwa nini wenyeji wake leo wanamiliki sehemu ndogo tu ya rekodi zake.

MSINGI WA NGOMA NA NYUZI

Kabla ya gitaa kufika, jamii za Waluhya zilikuwa na ala zao za nyuzi. Wabukusu wa Bungoma walipiga litungu, huku shiriri, ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde, ikitumika katika sehemu kadhaa za Magharibi.

Ala iliyovuma zaidi ni isukuti. Ngoma hizi hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swara na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, nao wachezaji hupanga safu, wanaume kwao na wanawake kwao. Ngoma hiyo huchezwa katika harusi, mazishi, sherehe za kuzaliwa na za kutahiriwa, na hata mikutano ya hadhara.

Mwaka wa 2014, shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO liliiorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa turathi za dunia zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu iliyotolewa ni kwamba urithishaji wake unadhoofika. Wanaoijua vyema ni wazee, na vijana wanaojifunza wanapungua.

Msingi mwingine uliletwa na makanisa. Wamishonari wa Kikweka walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na kutoka hapo nyimbo za dini zenye sauti kadhaa zilienea vijijini. Vijana wengi walijifunza kupanga sauti kanisani kabla ya kugusa gitaa, na mpangilio huo ungali unasikika katika muziki wa eneo hili.

RELI, DHAHABU NA VITA

Gitaa liliingia Magharibi kwa njia ya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mambo mawili yaliibadilisha Kakamega. Kwanza, reli ilifika Butere. Pili, dhahabu iligunduliwa, na wachimbaji wakamiminika, hususan katika machimbo ya Rosterman karibu na mji wa Kakamega. Mishahara ilianza kuingia vijijini, na bidhaa za mjini zikaifuata.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walijiunga na kikosi cha KAR na kupelekwa nchi za mbali kama vile Burma. Huko jeshini kulikuwa na kitengo cha burudani, na baadhi ya wanamuziki wake waliendelea na kazi hiyo baada ya kurejea. Askari wengi walirudi na fedha za kununulia gitaa, kodiani au gramafoni.

Aidha, wanaume wa Magharibi walitafuta ajira katika reli, mashamba makubwa na miji ya Nairobi, Mombasa na Kampala. Katika mitaa ya wafanyakazi walikutana na watu wa makabila mengine, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana na ya kuimbia.

MVUMO KUTOKA KATANGA

Athari kubwa zaidi ilitoka Kongo. Mwaka wa 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda katika jimbo la Katanga akiucharaza wimbo "Masanga". Mwenda alipiga gitaa kavu kwa vidole, kidole gumba kikishughulikia nyuzi nzito na kidole cha shahada kikitoa sauti za juu, hivi kwamba gitaa moja lilisikika kama mawili. Santuri zake zilifika Kenya haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikuja Nairobi, na mwenzake Edouard Masengo akaishi huko kwa muda mrefu zaidi. Wote wawili walisikika redioni, hata katika matangazo ya biashara.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba wapiga gitaa wa Magharibi hawakuiga tu. Walichukua ufundi wa vidole kutoka Katanga na kuuingiza katika mapigo ya ngoma zao. Mtindo uliozaliwa uliitwa omutibo. Ndani yake nyuzi nzito hujibizana na nyuzi nyembamba bila kukoma, kama ngoma kubwa inavyojibizana na ndogo katika isukuti. Mwenzake mpiga gitaa alishika chupa ya soda yenye mikunjo na kuikwaruza ili kutunza mapigo. Chupa ya Fanta ndiyo iliyopendwa zaidi.

Bingwa wa mtindo huo alikuwa George Mukabi wa Kisa. Wimbo wake "Sengula Nakupenda", ulioimbwa kwa Kiswahili, ulimpa umaarufu nje ya nchi ya Waluhya. Alifariki mwaka wa 1963 akiwa bado kijana. Katika kipindi hicho hicho alivuma pia John Mwale, naye akiwa mpiga gitaa kavu kutoka Magharibi.

TWIST YA NAIROBI

Miaka ya 1960 ilikihamishia kitovu studioni Nairobi. Huko gitaa la umeme lilikwisha kushika kasi kupitia wanamuziki kama Fundi Konde kutoka Pwani. Studio ya Equator, iliyomilikiwa na Charles Worrod, iliwakusanya wanamuziki kutoka pande mbalimbali: Fadhili William wa Taita, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia, na Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda mwaka wa 1939.

Mchanganyiko huo ulizaa twist ya Kiafrika, muziki uliochota kutoka kwela ya kusini mwa Afrika, gitaa la Kongo na mapigo ya nyumbani. Kabaka aliimba "Msichana wa Elimu" na "Harambee Harambee", nyimbo za Kiswahili zilizoendana na matumaini ya taifa lililotoka kupata uhuru. Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari: mwaka wa 1968 kundi la Uingereza The Tremeloes liliurekodi upya, ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo. Kabaka aliaga dunia Novemba 2001.

Mluhya mwingine, David Amunga, alianzisha lebo yake ya Mwangaza katika miaka hiyo ya 1960. Hatua hiyo ilikuwa muhimu kwa sababu biashara ya santuri wakati huo ilishikwa zaidi na Wazungu na Wahindi.

BENGA NA KURUDI KWA LUGHA ZA MAMA

Katika miaka ya 1970 mkondo uligeuka. Kutoka Nyanza, benga ya Waluo ilienea kwa kasi chini ya wanamuziki kama D. O. Misiani wa Shirati Jazz. Wafanyabiashara kama Oluoch Kanindo walianza kutoa santuri ndogo kwa wingi, na maduka ya muziki yakaongezeka Nairobi na Kisumu. Wakati huo huo, Nairobi ilijaa bendi za kigeni zenye nguvu, zikiwemo Super Mazembe kutoka Zaire na Simba Wanyika kutoka Tanzania, ambazo ziliteka soko la Kiswahili na la Kilingala.

Kwa wanamuziki wa Magharibi, nafasi iliyobaki wazi ilikuwa nyumbani. Mwimbaji aliyeimba kwa Kiluhya alikuwa na wasikilizaji wake wa hakika, nao walikuwa tayari kununua santuri yenye lugha yao. Jacob Luseno alipata umaarufu kwa wimbo "Mukangala", naye Sukuma bin Ongaro akawa miongoni mwa majina makubwa ya benga ya Kiluhya. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola wa Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari, walikuwa wameanza na gitaa kavu na chupa. Nao pia waliunda bendi ya umeme.

Serikali ilijaribu kuwasaidia wanamuziki wa nchini. Mwaka wa 1980 Sauti ya Kenya, VoK, iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu. Soko la Tanzania nalo lilikuwa limefungwa tangu mpaka ulipofungwa mwaka wa 1977, jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliposambaratika. Kisha kanda za kaseti zikaingia. Ziliwapa wanamuziki wa vijijini njia rahisi ya kuuza kazi zao, lakini ziliwapa wezi wa muziki njia rahisi zaidi.

FM NA SIMU

Serikali ilipolegeza utoaji wa leseni za utangazaji katika miaka ya 1990, vituo vya FM vilichipuka. Kuanzia mwaka wa 2000 vilifuata vituo vya lugha za mama, na Waluhya wakapata vyao, vikiwemo Mulembe FM na West FM ya Bungoma. Nyimbo za zamani zilipata kusikika tena, na waimbaji wapya wakapata jukwaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, wimbo "Lero ni Lero" wa Emmanuel Musindi ulichezwa katika sherehe hata na watu wasioelewa Kiluhya.

Msomaji ataona kwamba lugha ya muziki huu imekuwa ikibadilika pamoja na chombo kinachoubeba. Santuri na redio ya taifa viliusukuma uelekee Kiswahili. Maduka ya mitaani, kaseti na FM viliurudisha katika lugha ya mama. Simu za mkononi zinaruhusu zote mbili.

REKODI ZIKO WAPI?

Tatizo lililosalia ni la umiliki. Rekodi nyingi alizofanya Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya ILAM, aliyoianzisha mwaka wa 1954 nchini Afrika Kusini. Nyimbo za Abana ba Nasery zilitolewa katika albamu mjini London mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkusanyiko wa nyimbo za Mukabi ulitolewa upya Marekani katika muongo wa 2010. Kazi hizo zimeuokoa muziki usipotee, na wanaostahili shukrani washukuriwe. Lakini kijana wa Bukura anayetaka kujifunza omutibo hana maktaba iliyo karibu naye anakoweza kuomba kuusikiliza.

Sheria nayo haingoji. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda utungo wa muziki katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Rekodi yenyewe hulindwa kwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa tungo za Mukabi nchini Kenya ulikoma mwishoni mwa 2013. Tungo za Kabaka zina ulinzi hadi mwisho wa 2051, lakini rekodi alizofanya miaka ya 1960 zimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Kila mwaka unaopita, kundi jingine la rekodi linakuwa mali ya yeyote, na fursa ya familia kunufaika inapungua.

Kuna mfano wa kufuata. Mwaka wa 1950 Tracey alirekodi wimbo "Chemirocha" miongoni mwa Wakipsigis huko Kapkatet. Katika muongo wa 2010, ILAM, shirika la Ketebul Music la Nairobi na washirika wao walirudisha nakala za rekodi hizo kwa jamii yenyewe, na baadhi ya walioimba wakiwa vijana wakajisikia tena wakiwa wazee. Ketebul ilikuwa imetangulia kuchapisha historia ya benga mwaka wa 2008.

Kazi kama hiyo inawezekana Kakamega. Kaunti ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ina vituo vya redio vinavyosikika kila kijiji, na mtindo wenyewe haujafa: Johnstone Ouko Mukabi, mwanawe George, ni miongoni mwa wanaoendelea kupiga omutibo. Kinachohitajika ni nakala za rekodi kuombwa kutoka ng'ambo, wazee waliosalia kurekodiwa pamoja na maelezo yao, na wamiliki kutambuliwa kwa majina kabla ya muda wa sheria kwisha. Isukuti ilisubiri hadi ikatangazwa kuwa hatarini. Wapiga gitaa kavu waliosalia ni wazee, na hawawezi kusubiri muda kama huo.